Ngoma Sita na Mabegi Mawili

Siku ile mjinga alikuwa Kagabo. Tuanze hapo hapo, maana mwenyewe anakiri, tena anakiri akicheka, na mtu akishaanika ujinga wake uani, jirani hana haja ya kumwanulia. Ila ujinga nao una madaraja. Yuko mjinga wa kuzaliwa, yuko mjinga wa kufundishwa, na yuko mjinga wa fahari: anaona shimo, anaambiwa hili ni shimo, naye anauliza kama shimo linamjua yeye ni nani. Kagabo alikuwa huyo wa tatu.

Na tumpe haki yake, fahari hiyo hakuiokota njiani. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekalia kiti cha ngoma katika bendi ya Nadra. Si ngoma za kupigwa kwa viganja. Ni zile za bendi, ambazo watu wa Gisenyi, mji wa ziwani unaopakana na Goma, huziita batterie kwa Kifaransa chao cha mpakani. Mguu mmoja unapiga, mguu wa pili unafunga na kufungua matoazi, na mikono kila mmoja una safari yake. Za Kagabo zilikuwa sita, na aliziita familia. Baba wa familia, ngoma ya mguu, alikuwa mpana kama meza ya chai na sauti yake ilikuwa inaingia kwa tumbo kabla haijafika sikioni. Mwaka ule volkeno ilipoiunguza Goma, watu wakikimbilia Gisenyi na magodoro na masufuria, Kagabo, aliyekuwa akikaa Goma siku zile, alivuka mpaka na baba huyo kichwani. Godoro liliachwa liungue. Mkewe Vénantie, aliyevuka siku hiyo na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, hajasahau nani alibeba nini, na hamruhusu mumewe asahau.

Kwa hiyo hakuna harusi kubwa Gisenyi, ya kanisani au ya msikitini, ambayo wageni wake hawakuchezeshwa na mguu wa kulia wa Kagabo. Mabinti aliowapigia walipoolewa sasa wanaoza mabinti zao. Akipita sokoni, akina mama humwita Ngoma, si Kagabo, naye huitika majina yote mawili kwa kichwa kilichoinuliwa sawasawa.

Halafu akaja Mwiza na mabegi yake.

Mwiza alikuwa mwanafunzi wake mwenyewe. Fundi cherehani, binti wa watu waliorudi kutoka Karagwe, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kama mshono wa suti na Kagabo humtania kwamba anaongea kama redio. Miaka saba iliyopita alimfuata akitaka kujifunza. Kagabo akamkalisha miezi mitatu akipiga mto wa kulalia kwa vijiti, makusudi, ili akate tamaa aende zake. Hakwenda. Mto ulipasuka, akaushona, akaendelea. Hapo Kagabo akajua amepata mtu.

Sasa kaka yake alikuwa amemletea kutoka Kampala seti ndogo: ngoma nne zinazoingiana moja ndani ya nyingine kama masufuria ya dukani. Ile ya mguu haikuzidi ndoo ya maji. Mwiza alizishonea mabegi mawili ya turubai, moja la mgongoni, moja la kupakata, akapanda pikipiki kama mtu anayekwenda sokoni, akashuka kwenye mazoezi ya bendi.

Kagabo akalizunguka lile begi kubwa, mikono nyuma.

"Mwiza, hizi sufuria unaenda kupikia nani?"

"Ni ngoma, mwalimu."

"Ngoma? Mi naona mutoto wa ngoma. Mama yake iko wapi? Anajua kama ametoka nyumba?"

Bendi nzima ikacheka. Mwiza naye akacheka, lakini mikono haikusimama. Ngoma zikachomoka moja moja, vyuma vikakunjuka, matoazi yakakaa. Dakika nane. Kagabo alikuwa bado anatafuta funguo ya kukazia ngoma yake ya kwanza, na alipoipata, Nadra alikuwa ameshaangalia saa yake mara mbili.

Nadra ndiye mwimbaji na ndiye mwenye bendi. Nusu ya ukoo wake iko Goma na nusu Gisenyi, nusu inaswali na nusu inakwenda misa, na yeye amezoea tangu utotoni kuamua mambo bila kuumiza upande. Siku hiyo hakumumunya maneno.

"Mwezi wa kumi na mbili tunashuka ziwa na boti," akasema. "Karongi, halafu Rusizi, wiki tatu. Boti haiwezi beba wapiga ngoma wawili na ngoma kumi. Iko kiti moja. Harusi ya Mudende kule mulimani ikiisha, nitasema nani anakuja."

Kagabo alicheka kwa mdomo, moyo haukushiriki. Alizijua bendi. Bendi ikienda wiki tatu na mtu mwingine kitini, ikirudi kiti kimeshachukua umbo la makalio mengine. Miaka ishirini na miwili ingehesabiwa kuwa hadithi za mzee, na yeye angekuwa mtu wa kualikwa siku za sikukuu apige wimbo mmoja apigiwe makofi ya huruma. Hapana. Harusi ya Mudende ingemwonyesha Nadra, na dunia, ngoma ni kitu gani.

Miezi miwili baadaye, Ijumaa ya kuamkia harusi, Nadra akawakusanya mchana.

"Kesho ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Umuganda. Toka saa mbili mpaka saa tano gari haitembei, kila mutu iko na jembe kwa kazi ya kijiji. Donc tunapanda leo, tunalala kwa mama Xavérine, mwenye harusi. Harusi inaanza saa sita."

Gari la bendi lilijaa spika na jenereta. Nafasi ya ngoma sita haikuwepo, na Protais, mwenye pikapu, hakuwa huru mpaka Jumamosi asubuhi. Mwiza alikuwa ameshavaa helmeti, begi mgongoni, begi mapajani.

"Mwalimu, panda na sisi. Tutapiga kwa zamu hizi hizi zangu."

Hilo ndilo shimo, na Kagabo aliliona vizuri sana.

"Mi nikapige sufuria harusini? Nenda, mwanangu. Mi natoka na Protais saa kumi na mbili asubuhi. Saa mbili haijafika, mi nitakuwa Mudende nakunywa chai ya maziwa, nawangoja muamke."

Saa kumi na mbili asubuhi Protais alifika, tuseme ukweli, kwa wakati. Makosa hayakuwa yake. Makosa yalikuwa ya familia. Ngoma sita, kila moja na kasha lake. Vyuma tisa vya kusimamishia, kila kimoja na nati yake inayopenda kupotea. Matoazi manne yanayotaka kufungwa katika blanketi kama watoto wachanga. Vénantie alisimama mlangoni na kikombe cha uji akiangalia kama anavyoangalia mke aliyeolewa muda mrefu.

Ilipofika zamu ya baba, ile ngoma ya mguu, Kagabo alimweka chini kidogo ili afungue kamba. Barabara ile inashuka kuelekea ziwani. Baba wa familia akageuka ubavu, akafikiri kidogo, akaanza safari.

"Protais, shika!"

Protais alikuwa juu ya pikapu na fundo mdomoni. Ngoma ikashuka taratibu mwanzoni, kama mzee anayetoka kanisani, kisha ikapata mwendo. Kagabo nyuma yake, koti la bendi linapepea, viatu vya kung'aa vinateleza juu ya mawe meusi. Ikapita kwa fundi baiskeli, ikapita kwa duka la simu, na huenda ingekwenda kuoga ziwani kama si mama muuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, aliyekuwa anapanda na beseni lake. Akaiona, akaweka beseni chini bila haraka, akaizuia kwa goti.

"Hii mutu ni yako?" akauliza.

"Ni yangu, mama. Asante sana."

"Umuoneshe njia. Anapenda kutembea."

Kumpandisha mlima kulichukua watu watatu na karibu nusu saa. Walipofunga kamba ya mwisho ilikuwa saa mbili kasorobo, na Protais, ambaye si msemaji, akasema tu, "Tutajaribu."

Walijaribu mpaka Nyakiriba. Saa mbili na dakika tano, mbele yao barabara ilikuwa imejaa watu: majembe, makoleo, mabeseni, watu wazima na vijana wanazibua mitaro ya maji ya mvua. Kiongozi wa kijiji, kijana mwenye buti na adabu nyingi, akaja dirishani akasalimu.

"Muzee, muraho. Gari inapumzika hapa mpaka saa tano. Jembe iko pale."

"Kijana, mi niko na harusi. Mi ni mpiga ngoma."

"Hongera sana, muzee. Jembe iko pale."

Basi mpiga ngoma mkuu wa Gisenyi akazibua mtaro. Suruali nyeusi yenye mstari wa dhahabu, shati jeupe lenye kola ya kusimama, koleo la mkono mfupi. Kwa heshima ya ukweli lazima isemwe kwamba alizibua vizuri, kwa mapigo sawa, moja mbili, moja mbili, mpaka watu wa upande wake wakawa wanachimba kwa mwendo wake bila kujua. Hapo mama mmoja akauliza nini kimefungwa kule kwenye pikapu kama maiti ya tembo.

"Ni ngoma," Kagabo akasema, na hata katika matope kifua kilijaa. "Sita. Hakuna zingine kama hizo toka hapa mpaka Rusizi."

"Basi tupigie, kazi iende."

Wote wakageuka. Watu mia mbili, labda zaidi, majembe yamesimama, nyuso zinangoja. Hadhira ya bure, asubuhi ya jua zuri, na yeye na ngoma sita. Akaangalia pikapu: kamba, turubai, makasha, blanketi, nati za vyuma ndani ya mfuko wa plastiki ambao hata hakukumbuka aliutia wapi. Dakika arobaini kufungua, dakika arobaini kufunga.

"Haiwezekani," akasema. "Iko imefungwa."

"Zote sita?"

"Zote."

Mama akaguna, akarudi kwenye mtaro wake. Kagabo naye akarudi kwenye wake. Wazo likamjia, wazo chafu kabisa, kwamba Mwiza angekuwa hapa angekuwa ameshapiga wimbo wa pili. Akalifukia wazo hilo kwa koleo na kulikanyaga juu.

Saa tano ilipogonga walifunguliwa njia, lakini si wao peke yao: kila gari lililokuwa limelala tangu saa mbili liliamka pamoja, na baada ya Kanama walikaa nyuma ya lori la viazi ambalo halikuwa na haraka yoyote duniani. Walifika Mudende saa saba kasoro dakika kumi. Barabara ya gari ilikomea juu. Nyumba ya mama Xavérine ilikuwa chini kidogo, hatua kama mia tatu, na katikati yake shamba la viazi, matuta baada ya matuta, udongo mweusi uliokunywa mvua ya juzi.

Kagabo akashuka. Na kabla hajafungua hata fundo moja, akasikia.

Miaka saba alikuwa amemsikia Mwiza akiwa ameketi ubavuni pake, akimhesabia, akimkaripia, akimgonga goti kwa kijiti. Hakuwahi hata siku moja kumsikia kutoka mbali, kama mgeni anayekuja harusini. Sauti ilipanda mlima ikiwa safi. Mkono wa kushoto ulikuwa unatoa lile pigo la kuchelewa kidogo, nukta moja tu nyuma ya wakati, linalofanya kiuno cha mtu kiamue kabla ya mwenyewe. Pigo hilo halifundishwi na kitabu. Kagabo alilitoa kwa mjomba wake, mjomba alilitoa anakojua yeye, na Kagabo alikuwa amempa Mwiza peke yake kati ya wote waliowahi kumbembeleza.

"Sikia," akamwambia Protais.

"Nasikia."

"Sikia muzuri. Ule mukono. Ni mimi ule."

Akasimama pale kwenye ukingo wa shamba, matope mpaka magotini, akatabasamu kama mtu aliyeona jina lake limeandikwa ukutani.

Kule chini mahema mawili yalikuwa yametazamana, familia ya bwana upande huu, familia ya bibi upande ule, na katikati wasemaji wa pande mbili walikuwa wamemaliza kubishana na kuchomana kwa maneno matamu, kama ilivyo desturi. Bibi harusi alikuwa amekubaliwa. Sasa ndipo anapotoka nyumbani na wenzake, hatua kwa hatua, na muziki ndio unaomtembeza. Uwineza, mjukuu wa Xavérine, alionekana mlangoni, umbo limefungwa mushanana, lile vazi la harusi la kutupia begani, la rangi ya machungwa. Makofi yakaanza. Mguu wake ukainuka.

Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Gitaa likafa. Sauti ya Nadra ikabaki ya mwilini, nzuri lakini ya mtu mmoja. Na ngoma ndogo ya mguu ikatoboa siri yake, ile siri ambayo Kagabo alikuwa ameihubiri miezi miwili: haina tumbo. Ukumbini, ikiwekewa maikrofoni, huwadanganya watu kwamba ni kubwa. Uwanjani, bila umeme, chini ya makofi ya watu mia nne, inakuwa mtu anayegonga mlango wa jirani. Matoazi yalisikika, mkono wa kushoto ulisikika kidogo, lakini kule chini, pale ambapo mguu wa bibi harusi hutafuta mahali pa kukanyaga, hapakuwa na kitu. Uwineza akaweka mguu, akasita. Wenzake wakagongana nyuma yake.

Tusimsingizie utakatifu: kitu cha kwanza kilichomjia Kagabo kilikuwa furaha. Ilikaa kama muda wa kumeza mate. Kisha akamwona Mwiza, kutoka mbali, amenyoosha mguu mpaka mwisho akipiga kwa nguvu zote, na mkono wa kushoto haujaacha kuchelewa pale pale panapotakiwa.

"Protais. Shusha baba."

"Baba peke yake?"

"Peke yake. Wengine walale."

Wakamkamata, mmoja huku mmoja kule, wakakata shamba la viazi. Kagabo aliteleza mara mbili na mara ya pili alianguka magoti, lakini ngoma haikugusa udongo. Wakatokea nyuma ya hema kama watu wanaoleta meza ya chakula. Hapo ndipo alipoona kwamba Mwiza alikuwa ameifunga ngoma yake ya mguu kwa kitenge, ncha mbili kwenye miguu ya kiti chake mwenyewe, kwa sababu ngoma nyepesi ukiipiga juu ya majani inakukimbia kidogo kidogo mpaka ubaki unapiga hewa. Kitenge kilikuwa kimekazwa kwa fundo la fundi. Hilo Kagabo hakumfundisha. Hilo alikuwa amelitoa kichwani mwake.

Mwiza alimwona, na mwili wake ukafanya kile ambacho mwanafunzi hufanya mwalimu akiingia: akaanza kuinuka, mikono bado inapiga, ampishe kiti.

Kiti kile. Kilikuwa mbele yake, kimeshaachwa nusu, na Nadra anaangalia.

"Kaa," Kagabo akasema.

"Mwalimu..."

"Kaa, we. Unamusimamisha bibi harusi sababu ya heshima?"

Akamlaza baba karibu na goti la Mwiza, akapiga magoti kwenye majani, na kwa kuwa kanyagio lake la kupigia lilikuwa limefungwa huko juu kwenye pikapu, akavua kiatu kimoja na kupiga kwa kisigino cha kiatu. Hakuongoza. Aliangalia mguu wa Mwiza, na kila mguu uliposhuka, kiatu kilishuka. Sauti ikarudi duniani. Ikapita chini ya mahema yote mawili, ikaingia kwenye viti vya plastiki, na watu wakaisikia kwa makalio kabla ya masikio. Uwineza akainua kichwa. Mguu wake ukashuka mahali pake, na mwingine, na mwingine.

Katikati ya uwanja Mwiza akamtupia swali, mapigo manne ya haraka mkono wa kushoto, yale yale aliyokuwa anampigia juu ya ule mto wa kulalia. Kagabo akajibu kwa kiatu. Akina mama wa upande wa bwana wakapiga vigelegele. Mtu mmoja akauliza yule mzee wa kiatu ni nani, na Kagabo akasikia jibu la jirani yake: "Huyo ni mwalimu wa yule dada." Amepata sifa nyingi maishani. Hiyo aliiweka peke yake mahali pa kavu.

Sasa mngedhani mtu kama huyo, baada ya tendo kama hilo, angenyamaza na kula viazi vyake. Hamumjui Kagabo.

Jenereta ilipopona na wageni walipoketi kula, bendi ilikaa nyuma ya hema na sahani zao, na mama Xavérine akaja na kiti chake kuwakaribisha. Ni mama mfupi, mkavu, aliyepeleka viazi Goma miaka thelathini na kurudi na Kiswahili kinachomtosha. Protais alikuwa ameshasimulia yote, ya mtaro na ya muuza sambaza, mtu asiyesema akawa redio.

"Bon," Nadra akasema, akifuta vidole. "Niliahidi nitasema leo."

"Kabla useme, mi niko na neno," Kagabo akasema, na akasimama, matope ya Nyakiriba na ya Mudende kwenye suruali moja. "Batu wote wameona. Umeme ilikufa. Nani alimutembeza bibi harusi? Kule Karongi tutapiga kando ya ziwa, upepo unabeba sauti. Ngoma ya ndoo kule ni mbu. Ngoma iko na tumbo ama haina. Nimemaliza."

Watu wawili watatu wakatikisa vichwa. Neno lilikuwa na uzito.

"Mwiza?" Nadra akauliza.

Mwiza aliweka sahani chini. "Mwalimu amesema kweli. Yangu haina tumbo. Na inatembea, leo nimeifunga kama mbuzi. Bila maikrofoni haifiki hema la pili, na bila yeye leo ningeaibika mbele ya Mudende nzima." Kifua cha Kagabo kikaanza kujaa. "Lakini yake isiyohitaji umeme imehitaji gari, dereva, kamba, na goti la mama wa sambaza. Wageni wameanza kuingia saa sita kasoro, mimi nimepiga karibu saa nzima. Saa nzima hiyo, mwalimu, tumbo lako lilikuwa wapi?"

"Nyuma ya lori ya viazi," Protais akajibu, bila kuulizwa. "Na kabla ya hapo, Nyakiriba."

"Nilikuwa najenga taifa," Kagabo akasema, na hata Nadra akashindwa kujizuia. Walicheka mpaka sahani zikalia. Yeye mwenyewe alicheka, lakini kidole kilibaki juu. "Mucheke. Mi nasema hivi: mukubwa anaweza kuchelewa. Lakini mukubwa akifika, batu wanasimama. Leo walisimama ama hawakusimama?"

"Walisimama," Nadra akakubali. Akamwangalia Mwiza, akaangalia ngoma kubwa iliyolala kwenye majani na kiatu juu yake, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue akaomba uamuzi wa mtu mwingine. Akageuka. "Mama Xavérine, harusi ni yako. Umewaona wote wawili. Sema weye, mi nafuata."

Xavérine alimpima Kagabo kwa macho, toka kola mpaka soksi.

"Kagabo," akasema, "ngombe ya mahari imetoka Kanama leo asubuhi, na miguu yake. Mulima iliipata, umuganda iliipata, na saa ine ilikuwa hapa, inakula majani. Ngoma yako iko na miguu ngapi?"

Kagabo, ambaye anaweza kutia chumvi jambo lolote isipokuwa habari za familia yake, akahesabu kwa vidole. "Baba iko na mbili. Ile kubwa ya pembeni iko na tatu. Ni tano."

"Ngombe iko na ine, ikafika," Xavérine akasema, akiinuka na kumwachia Mwiza kiti chake. "Yako iko na tano, ikabebwa."